Kengele iliyo ndani ya kadi ya kliniki

Mtoto wa kiume wa mwaka mmoja amevuliwa nguo, ametiwa kwenye mfuko wa kitambaa wenye matundu ya miguu, na sasa ananing'inia kwenye mizani ya duara iliyofungwa kwenye boriti. Analia kwa nguvu zake zote. Mshale unacheza kati ya 7 na 8. Muuguzi anasubiri atulie, kisha anasoma: kilo 7.2. Anachukua kadi, anatafuta mstari wa miezi 12, anatia nukta ya wino, halafu anaiunganisha na nukta ya mwezi uliopita. Mama anachungulia begani kwake.

"Nesi, kilo zake zimetosha?"

Swali hilo huulizwa kila siku ya kliniki kwenye zahanati za Tanzania na Kenya, na jibu lake limo katika mistari iliyopinda iliyochapwa kwenye kadi. Mistari hiyo haikuchorwa kwa kukisia. Imetokana na wastani, kati, mchepuko sanifu na mtawanyo wa kawaida, mada zile zile ambazo wanafunzi huzikariri kwa ajili ya mtihani na kuzisahau wiki inayofuata. Ni hasara kuzisahau, maana mzazi anayezielewa anaweza kuisoma kadi ya mwanawe mwenyewe, bila kungoja kuambiwa.

Wastani mmoja, watoto tofauti

Chukua watoto watano wa mwaka mmoja wenye kilo 8, 9, 9, 9 na 10. Jumla ni 45, gawanya kwa 5, wastani ni kilo 9. Sasa chukua wengine watano wenye kilo 6, 7, 9, 11 na 12. Jumla ni 45 vilevile, na wastani ni 9 vilevile. Hata kati, yaani namba inayokaa katikati baada ya kuzipanga kuanzia ndogo hadi kubwa, ni 9 kwa makundi yote mawili. Anayeletewa ripoti yenye wastani peke yake ataamini makundi haya yanafanana, na hatamwona kamwe yule mtoto wa kilo 6 anayehitaji matibabu leo.

Kinachomfichua ni mchepuko sanifu. Hiki ni kipimo cha jinsi namba zilivyotawanyika kuuzunguka wastani. Hesabu yake si ngumu: toa wastani kutoka kwa kila uzito, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, tafuta wastani wa majibu hayo, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kundi la kwanza linatoa takriban kilo 0.6. Kundi la pili linatoa takriban 2.3, karibu mara nne zaidi.

Wastani una udhaifu mwingine: huyumbishwa na namba moja mbaya. Karani akisahau nukta na kuandika 100 badala ya 10.0 kwenye kundi la kwanza, wastani unaruka kutoka 9 hadi 27, uzito ambao hakuna mtoto hata mmoja anao. Kati inabaki 9, haitikisiki. Na mstari mkuu unaopita katikati ya chati ya ukuaji ni wa kati.

Kengele inatoka wapi

Ukipima urefu wa maelfu ya watoto wa umri mmoja na jinsia moja, kisha ukawapanga kwenye grafu, wengi watajazana katikati. Kadiri unavyokwenda pembeni, kulia kwa warefu na kushoto kwa wafupi, idadi inapungua. Umbo linalotokea ni la kengele, na wanatakwimu huliita mtawanyo wa kawaida. Mwanahisabati Abraham de Moivre aliandika fomula yake mwaka 1733 akichunguza michezo ya bahati, na Carl Friedrich Gauss wa Ujerumani akaitumia mwaka 1809 kueleza makosa ya vipimo vya wanaastronomia. Katika karne hiyo ya 19, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alichunguza vipimo vya vifua vya wanajeshi zaidi ya 5,000 wa Scotland akakuta umbo lile lile. Hesabu iliyobuniwa kwa ajili ya bahati na nyota ilikuwa imeufikia mwili wa binadamu.

Sababu yake inaeleweka. Urefu wa mtu hauamuliwi na jambo moja. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2022, uliohusisha watu zaidi ya milioni 5, ulipata tofauti za kijenetiki zipatazo 12,000 zinazohusiana na kimo, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo sana. Ongeza lishe, maradhi na afya ya mama wakati wa ujauzito. Mambo mengi madogo yakijumlishwa, ni nadra yote yavute upande mmoja. Mengi hufutana, na watu hukusanyika katikati.

Kengele hii ina kanuni ambayo anayejiandaa kwa mtihani hulazimika kuijua. Takriban 68% ya watu huwa ndani ya mchepuko sanifu mmoja kutoka wastani, kwa pande zote mbili. Takriban 95.4% huwa ndani ya michepuko miwili, na 99.7% ndani ya mitatu. Kwa hiyo chini ya michepuko miwili upande wa kushoto hubaki takriban 2.3%. Katika watoto 1,000 wenye afya njema, hao ni kama 23. Chini ya michepuko mitatu hubaki mmoja tu.

Idadi ya michepuko inayomtenga mtoto na katikati ndiyo huitwa alama Z. Mistari ya kwenye kadi ni alama hizo: 0 katikati, kisha −2 na −3 upande wa chini. Kila ukikata chati wima kwenye umri fulani, unakuta kengele imelala ubavu.

Watoto wa miji sita

Kengele ya nani? Swali hili liliwasumbua wataalamu kwa muda mrefu. Tangu miaka ya 1970 nchi nyingi zilitumia vipimo vya watoto wa Marekani, wengi wao wakiwa wamelelewa kwa maziwa ya chupa. Mtoto wa Afrika aliyenyonya vizuri alilinganishwa na ukuaji wa aina nyingine.

Kati ya mwaka 1997 na 2003, Shirika la Afya Duniani lilipima watoto wapatao 8,500 katika nchi 6: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Masharti yalikuwa makali. Mama asiwe mvutaji wa sigara, mtoto anyonyeshwe kama inavyoshauriwa, na familia iishi katika mazingira yasiyozuia ukuaji. Matokeo yaliwashangaza wengi. Katika tofauti zote za urefu zilizoonekana, ni takriban 3% tu zilizotokana na mahali mtoto alipokulia; 70% zilikuwa tofauti za kawaida kati ya mtoto na mtoto. Mtoto wa Accra, wa Muscat na wa Oslo, wakilishwa na kutunzwa sawa, hurefuka karibu sawa. Viwango hivyo vilitolewa Aprili 2006.

Humo mvulana wa miezi 24 anayepimwa amelala ana urefu wa kati wa sentimita 87.8. Mstari wa −2 uko kwenye 81.7 na wa +2 kwenye 93.9: sentimita 6.1 kila upande, kengele iliyosimama sawasawa. Uzito ni tofauti kidogo. Kwa mvulana wa miezi 12 kati ni kilo 9.6, −2 ni 7.7, lakini +2 ni 12.0. Upande wa juu umevutika zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kunenepa mno kuliko anavyoweza kukonda akabaki hai. Wanatakwimu waliosanifu chati ilibidi wainyooshe kengele hiyo kwa hesabu za ziada kabla ya kuchora mistari.

Msomaji ajipime hapa. Msichana wa miezi 12 ana kilo 7.9. Uzito wa kati kwa wasichana ni 8.9, na mstari wa −1 ni 7.9. Ni wasichana wangapi kati ya 100 wenye afya watakuwa chini yake? Kama 68 wako ndani ya mchepuko mmoja, 32 wamebaki nje, nusu yao upande wa kushoto. Jibu ni 16. Msichana huyo ni mwepesi kuliko wengi, lakini hayumo hatarini.

Kengele nzima inaposogea

Mtoto aliye chini ya −2 kwa urefu kulingana na umri huhesabiwa kuwa na udumavu. Katika jamii yenye afya wangekuwa 2.3%. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta 30% ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Kenya mwaka huo huo 18%. Burundi, utafiti wa 2016-17 ulionyesha 56%.

Ni rahisi kudhani kwamba watoto hao 30 kati ya 100 ni kundi la pekee, na wale 70 wako salama. Hesabu ya kengele inasema vingine. Wastani wa jamii ukishuka kutoka 0 hadi −1.5 bila umbo kubadilika, watakaoangukia chini ya −2 ni takriban 31%. Hapo kengele yote imehamia kushoto, na hata mtoto aliye kwenye −0.5 huenda angekuwa mrefu zaidi. Mwaka 1985 daktari Geoffrey Rose wa London alionyesha jambo hilo hilo kwa shinikizo la damu: aliweka pamoja kengele ya wafugaji wa kuhamahama wa Kenya na ya watumishi wa serikali wa London. Ya London ilikuwa imesogea kulia nzima nzima.

Maana yake kwa lishe ni nzito. Kumtafuta mtoto mmoja mmoja aliyevuka mstari ni lazima, ila hakutoshi. Kengele hurudi mahali pake pale maji safi, chakula mchanganyiko na mapumziko ya mama mjamzito vinapofika kwa kila kaya.

Na wastani wa taifa nao huficha mengi. Mwaka huo wa 2022, nchini Tanzania, Iringa ilikuwa na udumavu wa 57% na Njombe 50%, mikoa inayolisha wengine kwa mahindi na viazi. Ghala lililojaa halimsaidii mtoto anayepewa uji wa mahindi matupu, anayeharisha mara kwa mara, na ambaye mama yake anatoka shambani jioni.

Mkono unaopima

Takwimu hizi hutegemea mtu aliyeshika ubao wa kupimia. Mtoto wa chini ya miaka 2 hulazwa, mkubwa husimamishwa, na kumlaza humwongezea sentimita 0.7. Wakaguzi wa data hutazama tarakimu za mwisho: zikizidi kuishia na .0 na .5, mpimaji amekadiria. Alama Z ya urefu iliyo chini ya −6 au juu ya +6 huondolewa, kwani huwa ni kosa la kipimo au la umri.

Muuguzi wa asubuhi ile amemaliza kuunganisha nukta. Kilo 7.2 kwa mvulana ni chini ya 7.7 na juu ya 6.9: kati ya −2 na −3, uzito pungufu usiofikia ule mkali. Angekuwa msichana, ambaye mpaka wake ni 7.0, angekuwa juu ya mstari. Mwezi uliopita alikuwa na 7.3, na mstari ulioteremka ndio unaomtia muuguzi wasiwasi zaidi. Anauzungusha utepe wa rangi kwenye mkono wa kushoto wa mtoto: sentimita 12.1, eneo la njano, kwa kuwa nyekundu huanzia chini ya 11.5. Anauliza habari za kuharisha na mtoto anakula nini, mara ngapi.

Mama anaweka kidole kwenye mstari wa −2 na kuuliza amebakiza kiasi gani kuufikia. Gramu 500, muuguzi anamwambia, kisha anasogeza kidole chake nafasi moja kulia, miezi 13, ambako mstari ule ule umeshapanda hadi 7.9.