Mota ya Njia Tatu Katika Nyumba Yenye Umeme wa Njia Moja

Mota inayonunuliwa ili kufungwa upya kwenye mashine ya kukerezea aghalabu huwa ya njia tatu, ilhali nyumba nyingi zina umeme wa njia moja wa volti 230. Ikiunganishwa moja kwa moja, mota hiyo haizunguki. Hunguruma, hupata joto na huweza kuungua.

Kabla ya kununua, tunamshauri mteja asome kibao cha mota. Kikionyesha volti 230/400, mota yaweza kuungwa kwa mtindo wa pembetatu na kuendeshwa kwa inveta ya mota (si ile ya betri), inayopokea njia moja na kutoa njia tatu. Kikionyesha 400/690, haitafikia nguvu yake kamili.

Inveta ya mota ya kilowati 1.5 huweza kuvuta zaidi ya ampia 13, ambazo ni kikomo cha soketi ya kawaida. Hivyo, fundi umeme mwenye leseni avute laini ya pekee yenye kikata umeme chake, na aunganishe waya wa ardhi kwenye mwili wa mashine.

Baada ya kuzima, inveta isifunguliwe papo hapo: kapasita zake hubaki na umeme unaoweza kuua kwa dakika kadhaa.