Mtoto hana VVU, je, anakua ipasavyo?

KIGALI. Kwa mama anayeishi na virusi vya ukimwi (VVU), siku ya kipimo cha mwisho cha mwanawe ni siku ya kushusha pumzi. Majibu yakionyesha kwamba mtoto hana maambukizi, ufuatiliaji maalumu kliniki hufikia mwisho na familia hurudi nyumbani ikishukuru.

Nchini Rwanda, watoto karibu wote wanaozaliwa na mama wenye VVU hupata majibu hayo. Huduma ya kuzuia maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto ilianza mwaka 1999 katika Kituo cha Afya cha Kicukiro, jijini Kigali, kisha ikasambazwa nchi nzima. Tangu mwaka 2012, mjamzito anayegundulika kuwa na VVU huanzishiwa dawa za kufubaza virusi na kuendelea nazo maisha yake yote. Kiwango cha maambukizi kwa watoto kimeshuka hadi chini ya asilimia 2. Bila dawa, kiwango hicho huwa kati ya asilimia 15 na 45.

Hata hivyo, kipimo cha damu hujibu swali moja tu. Hakielezi kama mtoto anakaa, anatembea na kuzungumza kwa wakati wake. Swali hilo lina historia ndefu hapa Kigali.

Utafiti wa mwaka 1988

Kati ya mwishoni mwa mwaka 1988 na katikati ya 1989, watafiti, akiwamo daktari wa watoto Philippe Lepage, waliandikisha watoto zaidi ya 400 waliozaliwa katika hospitali kuu ya Kigali. Takriban nusu yao mama zao walikuwa na VVU, na nusu nyingine mama zao hawakuwa navyo.

Mwaka 1991, kundi hilo lilitoa moja ya ushahidi muhimu duniani kuhusu unyonyeshaji. Kati ya mama 16 waliopata VVU baada ya kujifungua, watoto 9 waliambukizwa pia. Hiyo ni sababu mojawapo ya kliniki kusubiri hadi mtoto aache kunyonya ndipo zitoe jibu la mwisho.

Watafiti hawakuishia kwenye damu. Watoto walipofikisha miezi 6, 12, 18 na 24, walipimwa pia jinsi wanavyojongea, wanavyotumia mikono, wanavyowasiliana na wanavyochangamana na watu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1993 yalionyesha kwamba watoto walioambukizwa walichelewa kukua mara nyingi zaidi kuliko wenzao, hasa katika kukaa, kusimama na kutembea. Watoto ambao mama zao walikuwa na VVU lakini wao wenyewe hawakuambukizwa walikua sawa na wale wa mama wasio na virusi.

Wakati huo dawa hazikuwapo. Zaidi ya nusu ya watoto walioambukizwa walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Ufuatiliaji wenyewe ulikatika Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza.

Kwa nini wiki za mwanzo ni muhimu

VVU huweza kuingia kwenye ubongo wa mtoto mapema sana, wakati ambao ubongo huo unakua kwa kasi kuliko kipindi kingine chochote cha maisha. Ndiyo maana kuchelewa kumpima mtoto mchanga kuna gharama kubwa.

Kipimo cha kawaida cha kingamwili hakifai kuthibitisha maambukizi katika umri huo. Kingamwili za mama hubaki katika damu ya mtoto hadi takriban miezi 18, hivyo kipimo kinaweza kuonyesha maambukizi ambayo hayapo. Kwa sababu hiyo, Shirika la Afya Duniani linaelekeza mtoto apimwe virusi vyenyewe akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6. Matone machache ya damu kutoka kisiginoni yanatosha.

Akikutwa na virusi, hupaswa kuanza dawa mara moja. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema hupunguza vifo vya watoto hao kwa asilimia 76. Uchunguzi uliofuata ulibaini kwamba walioanza mapema walikuwa pia na makuzi bora ya akili na mwili kuliko waliocheleweshewa dawa.

Kundi linalosahaulika

Dawa zilipoenea, watoto wengi wa mama wenye VVU walianza kuzaliwa na kubaki bila maambukizi. Leo ndio walio wengi, na tafiti kuhusu makuzi yao hazikubaliani. Utafiti wa Kilifi, katika pwani ya Kenya, haukuona tofauti kubwa kati yao na watoto wengine, kama ilivyokuwa Kigali. Lakini utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2019 uliona kwamba wakiwa na miaka 2, walichelewa zaidi kidogo katika kuelewa lugha na kuzungumza.

Sababu bado zinachunguzwa. Umaskini, lishe duni, msongo wa mawazo wa mama na kuzaliwa njiti ni miongoni mwa mambo yanayotajwa. Wengi wa watoto hao hukua vizuri, na VVU vya mama si hukumu kwa mtoto. Ila kuchelewa kwa lugha huanza kuonekana karibu na umri wa miaka 2, yaani kipindi kile kile ambacho kliniki ya VVU inamaliza kazi yake.

Msaada unaoanzia nyumbani

Rwanda tayari ina msingi wa kuziba pengo hilo. Kila mudugudu, ngazi ya chini kabisa ya utawala, una wahudumu wa afya wa jamii, wanaojulikana kama abajyanama b'ubuzima. Tangu mwaka 2014, Wilaya ya Kayonza ina kliniki za makuzi zinazofuatilia watoto njiti na waliopata matatizo wakati wa kuzaliwa.

Kuna pia Sugira Muryango, mpango ulioboreshwa kutoka huduma iliyobuniwa kwa familia zinazoishi na VVU. Mhudumu hufika nyumbani kila wiki, akazungumza na wazazi wote wawili kuhusu michezo, lishe, usafi na kutatua ugomvi bila vipigo. Mpango huo ulijaribiwa katika kaya zaidi ya 1,000 za kipato cha chini kabisa katika wilaya za Ngoma, Nyanza na Rubavu. Mwaka mmoja baadaye, watoto wa kaya zilizotembelewa walikuwa mbele ya wenzao katika kujongea, kuwasiliana na kutatua matatizo.

Mbinu zenyewe hazihitaji fedha nyingi: kumwimbia mtoto, kumjibu anapobwabwaja, kumtengenezea mpira wa majani ya migomba. Baba naye ana nafasi yake katika kazi hiyo.

Mzazi anaweza pia kuangalia dalili chache. Mtoto wa miezi 9 asiyeweza kukaa bila kushikwa, wa miezi 18 asiyetembea, au wa miaka 2 asiyeunganisha maneno mawili anastahili kupelekwa kituo cha afya, hata kama vipimo vyake vya VVU ni safi.

Kazi ya Jumuiya

Tanzania ilizindua programu yake ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto Desemba 2021. Rwanda ina wakala wa taifa wa maendeleo ya mtoto tangu mwaka 2020. Kilifi imetengeneza kipimo cha makuzi kinachoendana na mazingira ya watoto wa Afrika Mashariki. Zana zipo, ila kila nchi inazitumia kivyake.

Wakati huo huo, maelfu ya mama huvuka kila siku kati ya Rubavu na Goma kufanya biashara, baadhi wakiwa na watoto mgongoni. Kadi ya kliniki yenye nafasi ya kuandika siku mtoto alipokaa, alipotembea na alipotamka neno la kwanza, inayoeleweka pande zote za mpaka, ingemsaidia muuguzi yeyote wa Jumuiya kuendelea pale mwenzake alipoishia.