Likizo Visiwani: Maji, Miiba na Nyama ya Kasa

Mtu anayevuka kutoka bara kwenda Unguja au Pemba kwa mapumziko, sawa na mgeni atokaye ng'ambo, mara nyingi huwa ameshachagua la kuogopa kabla ya kufunga mizigo. Huogopa papa, huogopa nyoka, huogopa malaria. Hofu hizo si za bure kabisa, ila hazimwandai kwa yale yanayoweza kumpata: maji yanayopanda akiwa mbali na ufuko, mwiba unaomchoma mguu mtupu, na chakula alichoandaliwa kwa heshima. Katika mambo ya bahari, ushauri wa kwanza kwa mgeni ni kumuuliza mwenyeji, kwa kuwa mvuvi huyajua maji ya kwao kuliko kitabu chochote. Hata hivyo, yapo mambo machache ambayo hata mwenyeji huyakosea, na moja kati ya hayo limewaua watoto.

Tuanze na maji. Katika pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, mwamba umeuzunguka ufuko kwa mbali, na maji yanapokupwa huacha uwanda mpana wa mchanga na mawe. Wageni hutembea juu yake hadi karibu na mwamba, wakiokota kombe na kupiga picha. Kutoka kupwa hadi kujaa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo, matembezi yaliyokuwa salama saa nne asubuhi ya Jumatatu hayawi salama saa hiyo hiyo siku ya Alhamisi.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Mabaharia hugawa kupanda kwake katika sehemu 12: saa ya kwanza hupanda sehemu moja, ya pili mbili, ya tatu na ya nne tatu kila moja, kisha mbili, kisha moja. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya kupwa na kujaa katika maji ya Zanzibar hukaribia meta 4. Maana yake ni kwamba katika saa ya tatu pekee maji hupanda takriban meta moja. Mtu mzima aliyekuwa amesimama maji yakimfika kwenye kifundo cha mguu, saa moja baadaye yamempita kiuno. Mtoto wa miaka minne yamemfunika. Tena maji hayaji kutoka mbele peke yake. Hujaza kwanza mabonde, na bonde hilo huenda likawa nyuma ya mtembezi, kati yake na ufuko. Vivyo hivyo kwa fungu la mchanga la Nakupenda, mkabala na Mji Mkongwe: fungu hilo huzama maji yanapojaa, na anayekwenda huko sharti awe na chombo kinachomsubiri.

Maji yanapokupwa, yale yaliyovuka mwamba hutafuta njia ya kurudi baharini, nayo hutoka kwa nguvu kupitia milango ya mwamba. Muogeleaji aliye karibu na mlango huo huvutwa nje. Kosa linaloua ni kushindana na mkondo uso kwa uso hadi nguvu ziishe. Anayevutwa aelee, ainue mkono kuomba msaada, kisha aogelee kukata mkondo kwa upande hadi aupite, ndipo aelekee ufukoni. Aliyekunywa pombe asiingie majini kabisa, na mtoto mdogo awe mahali ambapo mkono wa mtu mzima unamfikia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani katika mwaka 2021, na watoto wadogo ni sehemu kubwa ya idadi hiyo.

Aliyeopolewa bila kupumua asining'inizwe kichwa chini wala kubanwa tumbo ili atapike maji. Mazoea hayo yangali hai katika fukwe zetu, nayo hupoteza dakika zenye thamani kuliko zote. Kilichomwangusha ni kukosa hewa. Basi apewe hewa: pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha kifua kigandamizwe mara 30 kwa pumzi mbili, bila kukatiza, hadi apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kusema yu mzima, apelekwe hospitali aangaliwe kwa saa kadhaa, kwa sababu mapafu yaliyoingiwa na maji huweza kuharibika baadaye.

Sasa miiba. Kwenye mawe na majani ya baharini hukaa yule mnyama mviringo mweusi mwenye miiba mirefu kama sindano. Mchangani hujifukia taa, mwenye mwiba mkiani. Na kati ya mawe hulala samaki-jiwe, ambaye macho huweza kumpita mara kumi yasimtofautishe na mwamba. Viatu vyenye soli ngumu huzuia mengi, ingawa mwiba wa samaki-jiwe huweza kupenya soli nyembamba. Katika maji ya kina kifupi chenye mchanga, buruta miguu badala ya kuinyanyua, ili taa ashtuke na kuondoka.

Sumu za viumbe hawa kwa sehemu kubwa ni protini, na joto huzidhoofisha. Kwa hiyo tiba ya kwanza inapatikana katika kila jiko: maji ya moto kiasi cha kuvumilika, yapata nyuzi 45 za Selsiasi, kiungo kilichochomwa kikitumbukizwa humo kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto la maji lipimwe kwa mkono wa mtu mwingine au kwa kiungo kizima, kwani mguu wenye maumivu makali haujui kuwa unaungua. Wapo wanaopaka utomvu wa papai bichi. Sioni sababu ya kugombana nao, ili mradi maji ya moto yatangulie na jeraha lisafishwe. Kukojolea jeraha, kulichanja kwa wembe na kufunga kamba kwa nguvu ni mambo ya kuachwa. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usichomolewe nje ya hospitali. Mhudumu wa afya naye akumbuke dawa ya maumivu ya kutosha, kinga ya pepopunda, na uwezekano wa kipande cha mwiba kubaki ndani pale jeraha linapokataa kupona. Konokono wa bahari mwenye gamba zuri lenye umbo la pia asiokotwe akiwa hai. Baadhi yao huchoma, na sumu yao hulemaza misuli ya kupumua.

Wenye kisukari wanahitaji neno la peke yao. Mguu uliopoteza hisia hausikii mchanga uliochomwa na jua la adhuhuri wala ukali wa mwamba, na kidonda kilichoanza kwa matembezi ya nusu saa huweza kuishia kwa kukatwa kidole. Wavae viatu hata majini, wakague nyayo kila jioni, na insulini yao isiachwe ndani ya gari wala kwenye mkoba ulioanikwa juani.

Mengine nayapitia kwa haraka. Anayepanda pikipiki avae kofia ngumu, kwa kuwa barabara ya kisiwani ni ngumu kama ya bara. Aliyezamia kwa mtungi wa hewa kwa siku kadhaa asipande ndege kabla ya saa 18 kupita tangu apande juu mara ya mwisho. Na homa inayoanza ndani ya wiki chache baada ya safari ipimwe malaria siku hiyo hiyo. Kipimo kikionyesha hakuna malaria, dengi ifikiriwe, na mgonjwa atumie parasetamoli, asitumie aspirini wala ibuprofeni.

Limebaki lile la chakula. Mwezi Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watu 9 walifariki, wanane kati yao watoto, na wengine 78 wakalazwa, baada ya kula nyama ya kasa. Novemba 2021 watu saba walikuwa wamefariki Pemba kwa sababu hiyo hiyo. Kasa analindwa na sheria, lakini nyama yake huhesabiwa na wengine kuwa tunu, na tunu ndiyo anayopewa mgeni. Ugumu wa kuonya juu yake ni kwamba mzee anayeipika anaweza kuapa, tena kwa haki, kuwa ameila tangu utotoni bila kudhurika. Si kila kasa ana sumu. Inadhaniwa kuwa sumu hutokana na mimea midogo ya baharini ambayo mnyama ameila, na nyama yenye sumu haitofautiani na nyingine kwa rangi, harufu wala ladha. Kuchemsha, kukaanga na kukausha haviiondoi. Mgeni anaweza kukataa kwa adabu bila kumvunjia mwenyeji heshima. Kusema kwamba daktari amemkataza kunatosha.

Dalili huanza baada ya saa chache, au baada ya siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, mdomo na koo kuwaka, vidonda vya ulimi, kisha kizunguzungu, usingizi usio wa kawaida na kupoteza fahamu. Dawa ya kuiondoa sumu hiyo haipo. Kinachookoa ni kuwahi: njia ya hewa ilindwe, mgonjwa apewe oksijeni na maji ya mshipa, sukari ya damu ipimwe. Anapofika mgonjwa mmoja mwenye dalili hizi, mhudumu aulize mara moja nani mwingine alikula sufuria ile, na watu watumwe nyumbani kuwaleta wote, hata wasiolalamika, watoto kwanza. Kisha aulize kama kuna mama anayenyonyesha aliyekula. Imeripotiwa kuwa sumu hupita katika maziwa, na mtoto mchanga ambaye hakugusa nyama anaweza kuwa mgonjwa anayefuata. Anyonyeshwe na mwingine, au apewe maziwa mbadala, hadi mama yake athibitishwe kuwa mzima.