Alhamisi ya Pilau, Ijumaa ya Mpira

Muuguzi wa Houston anayetaka kuwa nyumbani wakati wa sikukuu huomba miezi mingi kabla, na nafasi zikishajazwa hana la kufanya. Ndiyo maana kila mwaka, kabla sijaandika jina langu kwenye orodha ya zamu za Novemba, huwapigia simu wanangu wawili na kuwauliza: safari hii mpira umepangwa siku gani?

Mpira wenyewe si ule tuliokua nao Tanga. Ni futiboli ya Kimarekani, ya kofia ngumu na mabega yaliyovikwa plastiki, tena ni ya vyuo vikuu, si ya ligi ya kulipwa. Kijana wangu anasoma uhandisi Texas A&M, katika mji wa College Station. Dada yake yuko Chuo Kikuu cha Texas, Austin, na anapuliza tromboni katika bendi ya chuo. Vyuo hivyo ni watani wa jadi tangu 1894, walipokutana mara ya kwanza na Austin ikashinda 38–0. Msomaji wa Dar es Salaam afikirie Simba na Yanga, ila mechi ya ligi iwe moja tu kwa mwaka, nayo iangukie wikiendi ambayo ukoo mzima unatakiwa kukaa meza moja.

Wikiendi hiyo ni ya Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Viwanja vya ndege hufurika, barabara kuu husimama, na mtoto aliye mbali hutarajiwa nyumbani hata kama hajarudi mwaka mzima. Kesho yake, Ijumaa, ofisi nyingi hufungwa na watu hukimbilia madukani. Siku nne mfululizo zinagombewa na kila mtu: familia, mashirika ya ndege, wenye maduka, televisheni, makocha. Mechi ya watani lazima ipate nafasi humo, na nafasi hiyo ina wenye kuipanga. Nimezoea kusikia watu wakiizungumzia tarehe hiyo kama majira ya mvua, kitu kisicho na mwenyewe. Mwenyewe yupo, na sababu zake zinaeleweka mtu akizifuatilia.

Kwa miongo mingi siku ilikuwa Alhamisi yenyewe. Watani hawa walicheza siku ya Shukrani kwa mara ya kwanza mwaka 1900, na desturi ikaota mizizi kiasi kwamba wazee wa Texas husimulia sikukuu zao kwa matokeo ya mpira. Mwaka 1939 desturi hiyo ikagongana na Ikulu.

Zama hizo sikukuu ilitangazwa na rais kila mwaka, na kwa mazoea ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Novemba ya 1939 ilikuwa na Alhamisi tano, ya mwisho ikiwa tarehe 30. Wenye maduka wakalalamika: watu hawaanzi kununua zawadi za Krismasi mpaka Shukrani ipite, kwa hiyo siku za biashara zingebaki chache mno. Rais Franklin Roosevelt akawasikiliza. Mwezi Agosti akatangaza kwamba sikukuu itatangulia kwa wiki moja, iwe tarehe 23. Agosti, wakati ratiba za mpira zimekwisha kupangwa! Vyuo vilivyokuwa vimeweka mechi kubwa tarehe 30 vikaona mechi hizo zinageuka za siku ya kazi, na makocha wakapiga kelele nchi nzima. Majimbo yakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Jimbo la Texas halikuchagua, likazisherehekea Alhamisi zote mbili. Tarehe 30 A&M ikaichapa Texas 20–0 pale College Station, na msimu huo ikatwaa ubingwa wa taifa. Mvutano wa tarehe ulikwisha 1941, Bunge la Marekani lilipoweka Alhamisi ya nne kuwa sheria.

Nakipenda kisa hicho kwa sababu kinamwonyesha kila mmoja akivuta upande wake mchana kweupe. Siku hizi kamba inavutwa zaidi na televisheni. Zamani chama cha michezo ya vyuo, NCAA, ndicho kilichoamua mechi ngapi zionyeshwe na za nani. Mwaka 1984 Mahakama ya Juu ikaamua, katika kesi ambayo Chuo Kikuu cha Oklahoma kilikuwa miongoni mwa walalamikaji, kwamba mamlaka hayo yanavunja sheria ya ushindani. Tangu hapo kila ligi ya vyuo huuza haki zake yenyewe. Ligi ya SEC, ambamo Texas na A&M wamo sasa, tangu 2024 imeuza mechi zake kwa ESPN na ABC, na anayelipa ndiye mwenye sauti kubwa kuhusu saa ya kuanza. Mechi nyingi za kawaida hujulikana saa yake siku 12 tu kabla, nyingine siku 6. Mzazi mwenye zamu ya hospitali afanye nini na siku 6?

Kwa mechi hii, haki yao wapewe: mwaka 2024 na 2025 siku na saa zilitangazwa kabla msimu haujaanza. Niliweza kupanga. Basi inawezekana.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi, ya pili Ijumaa. Kwa nini isirudi Alhamisi? Kwanza, Alhamisi imeshajaa. Ligi ya kulipwa, NFL, imeishika siku hiyo kitambo: Detroit hucheza nyumbani kila Shukrani tangu 1934, Dallas tangu 1966, wakaachia miaka michache tu, na mwaka 2006 ikaongezwa mechi ya tatu, ya usiku. Hapa Texas, Dallas ikicheza alasiri ya Shukrani, hata asiyependa mpira anaangalia. Pili, kuna miili ya vijana. Vyuo hucheza Jumamosi. Ukiwaingiza tena uwanjani Alhamisi umewapa siku tano kutoka mechi hadi mechi, katika mchezo wa kugongana kwa nguvu zote, mwishoni mwa msimu mrefu. Mimi huwaona vijana wa umri huo wakiletwa wodini na magoti yaliyopinda, na kuhusu jambo hili sihitaji kocha anishawishi.

Jumamosi nayo ina msongamano wake. Ohio State na Michigan hukutana Jumamosi hiyo, Alabama na Auburn vilevile, na televisheni haipendi mechi zake kubwa zilane zenyewe kwa zenyewe. Tena Jumamosi inayofuata huwa fainali ya SEC huko Atlanta, hivyo anayecheza Ijumaa anajipatia siku moja zaidi ya kupumzika.

Ijumaa ina ulinzi ambao watu wengi hawaujui. Sheria ya mwaka 1961 iliziruhusu timu za kulipwa kuuza haki za matangazo kwa pamoja, lakini ruhusa hiyo haifiki Ijumaa baada ya saa kumi na mbili jioni wala Jumamosi, kuanzia Septemba hadi katikati ya Desemba, palipo na mechi ya sekondari au chuo ndani ya maili 75 za kituo cha kurushia matangazo. Lengo lilikuwa kuwalinda wanafunzi wasikimbiwe na watazamaji. Ndiyo sababu NFL ilipoanzisha mechi ya Ijumaa ya Shukrani mwaka 2023 iliiweka saa tisa alasiri kwa saa za New York. Ila sheria inawazuia wa kulipwa tu. Chuo kikuu kikicheza Ijumaa usiku hakuna wa kukigusa, ingawa Ijumaa usiku wa Novemba ndipo sekondari za Texas zinapocheza mechi zao za mtoano, na viwanja vya miji midogo hujaa kuanzia babu mpaka kitukuu. Hapo naona wakubwa wamewakalia wadogo.

Desturi yenyewe ya watani hawa kukutana ilikatika miaka mingi. Usiku wa Shukrani wa 2011, pale College Station, Justin Tucker wa Texas alipiga mpira kutoka yadi 40 ukapita kati ya milingoti saa ikiwa imekwisha, 27–25, kisha A&M wakahamia SEC na watani wakaacha kukutana. Mwaka 2013 mbunge wa jimbo, Ryan Guillen, aliwasilisha muswada wa kuwalazimisha wacheze. Haukupita. Kila upande ulitafuta mpinzani mwingine wa kujaza sikukuu, na ilikuwa kula wali mkavu. Zilizowarudisha ni fedha za ligi: Texas nayo ikaingia SEC Julai 2024, na tarehe 30 Novemba, Jumamosi, wakakutana tena. Texas 17, A&M 7. Kijana wangu hakuniongelesha mpaka Jumatatu.

Kuna mwaka mmoja ambao tarehe ya mechi hii ilibeba mzigo mkubwa kuliko mpira. Kwa miongo mingi wanafunzi wa A&M walikuwa wakijenga kichuguu kirefu cha magogo kwa mikono yao na kukichoma kabla ya kucheza na Texas. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Novemba 1999 magogo yakaporomoka vijana wakiwa juu yake. Walikufa 12, wakajeruhiwa 27. Mechi ilikuwa imepangwa Ijumaa tarehe 26, siku nane tu baadaye, na Shukrani katikati. Ilichezwa siku ileile. A&M walishinda 20–16, lakini watu waliokuwepo wanapoizungumzia hawaanzi na matokeo. Wanaanza na mapumziko, bendi ya Austin ilipoingia uwanjani, ikapiga wimbo wa kanisani na tarumbeta ya maziko ya askari, ikashusha bendera zake, na wapigaji wakavua kofia walipokuwa wakitoka mbele ya mahasimu wao.

Kijana wangu alinipeleka kwenye kumbukumbu ya vijana hao. Ni duara lenye milango 12 ya mawe na shaba, kila mmoja umeelekezwa upande wa mji alikotoka marehemu. Nilisimama katika mmoja nikamfikiria mama aliyekuwa ameshanunua bata mzinga wa wiki ile. Tangu hapo siwezi kumsikiliza mtu anayesema bendi ni mapambo ya mpira. Binti yangu amevaa sare ileile. Hapo ndipo ninapoona umuhimu wa kuipanga siku hii kwa moyo wa binadamu: vijana hawa wa bendi hawalipwi. Wachezaji, tangu Julai 2025, wanaweza kulipwa na vyuo moja kwa moja, na nawafurahia kwa dhati. Lakini mwenye tromboni, mwenye ngoma, mwanafunzi anayeuza maji kwenye ngazi, wote wanakatiwa likizo yao na saa ya televisheni.

Mwaka 2025 mechi ilikuwa Austin, Ijumaa tarehe 28 Novemba, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni. Binti alipiga simu: “Shikamoo mama. Ijumaa asubuhi natakiwa mazoezini, kwa hiyo Alhamisi jioni niwe njiani.”

“Marahaba. Basi tutakula mchana.”

“Na kaka?”

“Kaka yako atakuja na fulana yake ya damu ya mzee, na wewe utamvumilia.”

Tukala mchana. Bata mzinga tulimpaka tangawizi, kitunguu saumu na ndimu tangu Jumatano. Pilau ilikuwa sufuria mbili, kwa kuwa shemeji na watoto wake walikuja kutoka Dallas, na jirani yetu wa Lubumbashi alileta sombe. Saa kumi binti akaondoka na chakula chake kwenye makopo. Sikuhisi kuibiwa. Tulikuwa tumepata Alhamisi karibu nzima, na hilo Alhamisi ya mpira isingetupa. Kesho yake mimi na kaka yake tukaingia barabarani kuelekea Austin, kilomita zaidi ya 260, tukaketi miongoni mwa watu zaidi ya 100,000. A&M hawakuwa wamepoteza mechi hata moja msimu ule. Texas wakawafunga 27–17. Nilimtazama binti yangu wakati wa mapumziko, nukta ndogo ya rangi ya chungwa iliyokoza katikati ya majani, na kwa dakika zile hakuna aliyekuwa na haki ya kuwa na furaha kunishinda.

Kilichoniuma ni kurudi. Mchezo huu hula saa tatu na nusu. Tulitoka uwanjani usiku mkubwa, kisha saa tatu za barabara yenye madereva waliochoka na wengine walevi. Usiku wa namna hiyo najua hujaza chumba cha dharura, kwa sababu ndimo ninamofanyia kazi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: Ijumaa ibaki, usiku uondoke. Mpira uanze saa nane mchana. Watu watafika nyumbani kabla ya saa tano, vijana wa sekondari watabaki na jioni yao, na Jumamosi na Jumapili zitakuwa za wanafunzi kurudi mabwenini bila kukimbizana. NFL watakuwa hewani saa zilezile, nalijua hilo, na wauza matangazo watasema watazamaji watagawanyika. Kwa Texas sidhani. Hakuna mtu wa jimbo hili atakayebadilisha chaneli kutoka mechi ya watani wake kwenda kuangalia timu za miji ya mbali. Mabweni yaachwe wazi wiki nzima kwa wanaoitwa kazini, na bendi ipikiwe chakula cha sikukuu, si mkate baridi kwenye mfuko. Hayo tumeyaandika, mimi na wazazi wenzangu wa bendi, katika barua ya ukurasa mmoja. Waliotia saini ni wa fulana za rangi zote mbili.