Pasi ya umeme ikikataa kupata moto: namna ya kutafuta kasoro bila kuhatarisha nyumba

Katika nyumba nyingi za Namakwekwe, mtaa wa jiji la Mbale mashariki mwa Uganda, nguo hukaushwa na jua na kamba. Mvua za Machi hadi Mei zinapolificha jua, kazi iliyobaki huiangukia pasi. Ndiyo maana pasi iliyoharibika humpa mwenye nyumba wasiwasi mkubwa kuliko bei yake. Hata hivyo, kasoro nyingi za pasi ni ndogo, na anayezitafuta kwa mpangilio huzipata. Hatari huanza pale anayetengeneza anapoondoa kifaa kilichowekwa kuzuia moto.

Kwa nini pasi ni zaidi ya unadhifu?

Katika Afrika ya kitropiki, Uganda ikiwemo, yupo nzi aitwaye kitaalamu Cordylobia anthropophaga. Nzi huyo hutaga mayai kwenye mchanga, na pia kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, hasa kivulini. Mayai yakianguliwa, funza wadogo husubiri kwenye kitambaa, kisha hupenya ngozi ya mvaaji na kusababisha uvimbe unaofanana na jipu. Joto la pasi huwaua. Kwa hiyo nguo za ndani, mashuka na nepi za watoto hupaswa kupigwa pasi pande zote mbili, na hasa kwenye mishono. Asiye na pasi anashauriwa kuanika nguo ndani ya nyumba, au kuziweka kwa takriban wiki mbili kabla ya kuzivaa.

Uchunguzi uanzie wapi?

Uchunguzi huanzia ukutani, kabla pasi yenyewe haijafunguliwa. Wengi hujaribu soketi kwa kuchaji simu, lakini jaribio hilo hudanganya. Simu huhitaji umeme mdogo sana, ilhali pasi ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 4. Soketi iliyolegea ndani inaweza kuchaji simu vizuri na bado ikashindwa kuihudumia pasi. Kipimo bora ni birika la umeme. Soketi inayopata joto, kunuka au kutoa cheche isitumike tena hadi fundi wa umeme aikague.

Pasi ikipata moto hafifu, hasa jioni, huenda haina kasoro yoyote. Umeme wa Uganda hukadiriwa kuwa volti 240. Ukishuka hadi 180, pasi ya wati 1,000 hubaki na wati zipatazo 560 tu, kwa sababu nguvu ya joto hupungua haraka kuliko volti. Hapo dawa ni kutoa taarifa kwa UEDCL, shirika la umma lililochukua kazi ya usambazaji tarehe 1 Aprili 2025, baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kumalizika.

Plagi na waya

Hatua zote zinazofuata hufanywa pasi ikiwa imechomolewa na kupoa kabisa. Pasi ya mvuke imwagwe maji kwanza. Kifaa kinachohitajika ni multimita, chombo cha kupimia umeme.

Plagi ya meno matatu ina fyuzi ndogo ndani yake. Ikiwa imeungua, iwekwe nyingine yenye kiwango kilekile. Msumari au karatasi ya sigara si fyuzi, kwani haitakatika umeme unapozidi.

Baada ya plagi ni waya. Mara nyingi hukatika pale unapoingia kwenye mpini, mahali unapopindwa kila siku. Multimita ikionyesha kuwa umeme haupiti kutoka ncha moja hadi nyingine, waya wote ubadilishwe, au kipande kibovu kikatwe na uliobaki ufungwe upya ndani ya pasi. Kuunganisha katikati na kuzungushia tepu hakutoshi, kwa kuwa joto huilegeza gundi.

Ndani ya pasi

Ndani mna sehemu tatu za kuchunguza. Ya kwanza ni themostati, inayowasha na kuzima joto kupitia ncha mbili za madini zinazogusana. Zikiwa nyeusi kwa moshi, husafishwa taratibu kwa msasa laini. Zikiwa zimeyeyuka na kushikamana, pasi haizimi tena na huunguza nguo. Hapo themostati hubadilishwa.

Ya pili ni koili ya joto. Katika pasi ya wati 1,000 multimita huonyesha karibu omu 58. Isipoonyesha chochote, koili imekatika, na kwa kuwa mara nyingi imefungiwa ndani ya bamba la chini, kununua pasi nyingine huwa nafuu kuliko kuitengeneza.

Ya tatu ni fyuzi ya joto. Huyu ndiye mlinzi wa mwisho: themostati ikishindwa kuzima, fyuzi hii hukatika mara moja na hairudi. Baadhi ya watu huunganisha waya moja kwa moja mahali pake, na pasi hupata moto tena papo hapo. Lakini kilichoikata bado kimo ndani. Siku themostati itakapong'ang'ania tena, hakutakuwa na kitu cha kuzuia pasi kuendelea kupata moto hadi kitambaa na meza viwake. Fyuzi mpya lazima iwe na kiwango cha joto na cha ampea kilichoandikwa kwenye ile ya zamani.

Kabla ya kuichomeka tena

Pasi iliyofungwa upya hupimwa mara mbili. Kati ya jino refu la plagi, yaani la waya wa ardhi, na bamba la pasi, umeme unapaswa kupita bila kizuizi. Kati ya kila moja ya meno mawili mafupi na bamba, usipite hata kidogo. Pasi isiyofaulu vipimo hivi inaweza kumpiga mtu shoti, hasa aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji. Hiyo ni kazi ya fundi.

Umeme unapokatika

Umeme ukikatika, pasi ichomolewe mara moja. Ikiachwa kwenye soketi na kusahaulika, umeme unaporudi usiku huikuta imelala juu ya nguo. Wanaorejea kwenye pasi ya makaa waiwashie nje na kuitumia penye hewa ya kutosha, kwa kuwa makaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo inaweza kuua watu waliolala katika chumba kilichofungwa.