Kijana Wetu Anapokwenda Kusoma Ng'ambo



Kijana wa parokia akipata nafasi ya chuo kikuu China, India au Ulaya, sote tunafurahi. Tunahangaikia tiketi na koti, na kuhusu afya yake hatuulizi. Mwezi huu tuzungumzie hilo.

Kwanza, upweke. Miezi ya mwanzo kijana huwaza nyumbani, hulala vibaya na hukosa hamu ya chakula. Hiyo ni hali ya kawaida, na wengi hupata nafuu wakishapata marafiki na kuzoea lugha.

Pili, baridi na giza. Sisi wa Gitting, chini ya Mlima Hanang, tunaijua baridi ya Julai, lakini jua tunaliona. Kule Edinburgh, alikosoma Mwalimu Nyerere kati ya 1949 na 1952, mwezi Desemba jua hutua kabla ya saa kumi alasiri. Mwanga ukipungua, usingizi unaweza kuvurugika na furaha kupungua. Kijana atoke nje kila siku wakati wa mchana.

Tatu, homa. Akipata homa katika miezi mitatu ya kwanza, aende hospitali siku hiyo hiyo na kusema kwamba ametoka Tanzania, apimwe malaria. Madaktari wa huko huiona kwa nadra, wanaweza kudhani ni mafua. Anaporudi likizo atumie chandarua, kwa sababu kinga ya mwili hupungua akikaa mbali.

Nasi wazazi tufanye nini?

1. Tupange saa ya simu. Saa tatu usiku kwetu, China ni saa nane usiku.

2. Tusikilize kabla ya kuuliza matokeo ya mitihani au kuomba fedha. Kijana anayeogopa kutuaibisha husema "niko salama" hata akiwa anaumwa.

3. Kwa wiki mbili au zaidi akiwa halali, hali, haendi darasani, hiyo si deko. Aende kwa daktari au mshauri wa chuo. Akitaja kutaka kufa, apate msaada siku hiyo hiyo. Tuwapigie rafiki zake na chuo. Kwa hiyo tuwe na namba zao tangu mwanzo.

Mwaka 2020 mji wa Wuhan, China, ulifungwa siku 76 kwa sababu ya korona, na wanafunzi wa Tanzania walikuwamo. Wazazi hawakuweza kuwafuata. Simu ndiyo iliyobaki. Basi tuizoeshe simu yetu kuwa ya faraja kabla shida haijaja.