Nakala Moja na Mashine Nyingi: Maelezo juu ya Leseni na Usambazaji wa Mfumo Endeshi Maofisini

Tarakilishi zimekwisha kuchukua mahali pa taipureta katika idara zetu za lugha, na pamoja nazo yamekuja maswali ambayo sisi watu wa sarufi na fasihi tumezoea kuwaachia mafundi. Lipo swali moja ambalo haifai tuwaachie. Idara inapokuwa na tarakilishi 40, ni nani aliyetoa idhini ya kuwekwa mfumo endeshi katika kila moja, na idhini hiyo i wapi? Katika makala haya tutaeleza jinsi idhini hiyo inavyopatikana na jinsi mfumo wenyewe unavyosambazwa katika mashine nyingi. Mfano wetu mkuu utakuwa Windows, mfumo wa kampuni ya Microsoft, madhali ndio uliozoeleka zaidi maofisini.

Msomaji huenda akastaajabu kusikia kwamba jambo hili si geni kwetu hata kidogo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaiweka programu ya tarakilishi katika kundi moja na riwaya, mashairi na tamthilia. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1994 kuhusu haki za ubunifu katika biashara, ujulikanao kwa herufi TRIPS, ulikuwa umekwisha kuagiza vivyo hivyo. Kwa hiyo mhadhiri ambaye hangethubutu kuchapa nakala 40 za riwaya ya mwenzake bila ruhusa, huku akiiona programu kuwa kifaa tu kama kiti au meza, anatofautisha vitu ambavyo sheria haivitofautishi. Hata hivyo kuna tofauti moja iliyo kubwa. Anayenunua kitabu anaweza kukiazima, kukiuza au kukirithisha. Anayelipia mfumo endeshi hupewa leseni tu, yaani ruhusa ya kuutumia kwa masharti, na aghalabu masharti hayo huifunga ruhusa kwenye mashine moja.

Hapo ndipo idara nyingi hukosea. Leseni ya kwanza ni ile inayokuja na tarakilishi kutoka kiwandani. Zamani ilithibitishwa kwa karatasi iliyogandishwa ubavuni mwa mashine. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, ufunguo wake aghalabu umefichwa ndani ya mashine yenyewe. Leseni hii huishi na mashine yake na hufa nayo. Leseni ya pili ni ya jumla, ambayo taasisi hununua kwa ajili ya mashine nyingi pamoja. Wengi hudhani kwamba hii ya pili inaweza kusimama peke yake. La, haiwezi. Kwa upande wa Windows ya mezani, leseni ya jumla ni ya kupandisha daraja tu: ni sharti kila tarakilishi iwe na leseni kamili ya msingi kabla haijahesabiwa. Ofisi inayonunua mashine tupu kwa sababu ni rahisi, kisha ikalipia leseni za jumla, imetoa fedha na bado haina haki. Kosa hili ni baya kuliko wizi wa wazi kwa namna moja: aliyelitenda huamini kwamba amelipa. Katika mikataba fulani ya vyuo huhesabiwa watumishi badala ya mashine, lakini sharti la leseni ya msingi haliondoki kwa sababu hiyo.

Sasa tuje kwenye usambazaji. Hakuna fundi mwenye akili timamu atakayeketi mbele ya tarakilishi 40 moja baada ya nyingine. Yeye hutayarisha mashine moja ya mfano, akaitia mfumo, programu za ofisi na mipangilio yote, kisha akatoa humo nakala mama na kuieneza kwa njia ya mtandao. Leseni ya jumla huruhusu kazi hii hata kwa mashine zenye leseni ya kiwandani, mradi toleo liwe lile lile. Lakini kabla ya kutoa nakala mama, hana budi kuifuta mashine ya mfano alama zake za kipekee. Programu iitwayo Sysprep ndiyo ifanyayo kazi hiyo. Umuhimu wake hauonekani siku ile. Huonekana baadaye, wakati wa kuhesabiwa.

Kwani leseni haitoshi kuwa katika faili la mhasibu. Mfumo wenyewe hudai kuthibitishwa. Windows XP ya mwaka 2001 haikuwadai hivyo wateja wa jumla. Ufunguo mmoja uliwatosha wote, na haukukawia kuvuja duniani. Kuanzia Windows Vista utaratibu ulibadilika, na taasisi ikawa na njia mbili. Katika ya kwanza, iitwayo KMS, taasisi huweka seva yake yenyewe, na kila tarakilishi hujitambulisha kwayo. Seva haitoi uthibitisho mpaka ihesabu tarakilishi 25 zilizo tofauti. 24 za mwanzo hukataliwa, na kila moja hurudi kubisha hodi baada ya saa 2. Ikifika ya 25, mlango hufunguliwa kwa wote. Uthibitisho hudumu siku 180, na mashine hujaribu kuuhuisha kila baada ya siku 7.

Katika taasisi moja tuliyopata kufanya kazi, tarakilishi zaidi ya 30 zilisambaziwa mfumo katika juma moja, na zote zikaendelea kulalamika kwamba hazijathibitishwa. Mafundi walilaumu mtandao, kisha seva, kisha kampuni. Siku nyingi zilipita kabla mmoja wao hajatazama hesabu ya seva: ilisema moja. Nakala mama ilikuwa imetolewa bila kufutwa alama, kwa hiyo mashine zote zilikuwa na kitambulisho kimoja, na seva ikaona mteja yule yule akija mara 30. Ilibidi kila mashine ipewe kitambulisho chake upya.

Njia ya pili, MAK, ni ufunguo wenye idadi maalumu ya matumizi. Kila mashine huthibitishwa mara moja, kwa intaneti au kwa simu, na idadi ikapungua. Udhaifu wake ni kwamba mashine ile ile ikitiwa mfumo upya, huhesabiwa tena. Njia hii yawafaa wale wanaokaa mbali. Mtafiti wa lahaja aendaye visiwani kwa miezi 8 na tarakilishi ya idara iliyothibitishwa kwa KMS atapitwa na zile siku 180 akiwa huko huko. Data yake haitapotea, ila mashine itaanza kumsumbua kwa maonyo ambayo hana njia ya kuyaondoa.

Lipo jambo jingine linalotuhusu zaidi kuliko mafundi. Windows imekuwa na kifurushi cha Kiswahili tangu enzi za XP, nacho hutolewa bila malipo kwa mwenye leseni. Hukifunika Kiingereza katika sehemu zinazotumiwa zaidi. Zilizosalia hubaki katika lugha ya msingi. Kifurushi hiki kisipotiwa wakati nakala mama inatayarishwa, hakitakuwapo katika mashine 40, wala hakuna atakayezunguka kukitia kwa mkono. Fundi hakitii kwa sababu hakuna aliyemwomba. Tumekaa katika mikutano mingi juu ya istilahi za tarakilishi, na tukarudi kuketi mbele ya mashine zinazosema Kiingereza.

Wengine watauliza kwa nini tusitumie Linux, ambayo leseni yake humruhusu kila mtu kuinakili na kuisambaza. Ni swali la haki. Ila tukumbuke kwamba jiji la Munich, Ujerumani, liliamua mwaka 2003 kuhamishia tarakilishi zake zipatazo 14,000 kwenye Linux, likafanya kazi hiyo kwa takriban miaka 10, na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi kwenye Windows. Leseni ya bure huondoa gharama ya ruhusa. Mafunzo, matengenezo na mazoea ya watumishi hubaki na gharama zake.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Idara itakayonunua mashine mpya iulize mambo mawili kabla ya kutia sahihi: kama kila moja inakuja na leseni ya msingi, na kama kifurushi cha Kiswahili kimo katika nakala mama.